Kompyuta isibadilishe jina la mtu: niliyojifunza kwenye spelingi ya Outlook Express

 

Leo nataka niongee juu ya kitu ambacho wengi mtasema ni kidogo sana. Ni ile programu ndani ya kompyuta inayokagua spelingi kabla baruapepe haijaondoka. Vitabuni wanaiita kikagua tahajia, sisi hapa tunaiita tu "spelingi". Mimi najitolea kwenye chumba cha kompyuta hapa kambini, mkoa wa Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa 3. Nimemaliza sekondari, sijasomea kompyuta popote, haya ninayojua nimeyajua kwa kuharibu na kutengeneza. Katika miaka hii yote kosa kubwa nililofanya halikuwa la kuharibu mashine. Lilikuwa kosa la herufi moja kwenye jina la mama mmoja, na lilipitia kwenye spelingi.

Mnivumilie nianze na mashine, kisha tutafika kwa mama.

Kompyuta zetu ni za msaada. Zina Windows XP, na baruapepe tunaandikia kwenye Outlook Express. Najua kuna wenzetu wa mjini wanacheka, wanasema hiyo programu imeshazeeka. Ni kweli. Ilitoka pamoja na Internet Explorer 4 mwaka 1997, na Windows Vista ilipokuja wakaiondoa wakaweka nyingine inaitwa Windows Mail. Lakini kwetu huyu mzee bado anafanya kazi. Hapa umeme ni wa jenereta, saa chache tu kwa siku, na modemu ni moja ya watu wote. Ukitumia baruapepe ya kwenye intaneti moja kwa moja, unaandika huku bando linakatika. Kwenye Outlook Express unaandika bila mtandao kabisa. Barua zinakaa kwenye Outbox zinangoja, hata zikiwa 20, na mtandao ukishika unabonyeza mara moja zinaondoka zote. Kwa hiyo unapata muda wa kukaa na mwenye barua, mnaongea pole pole, unaandika.

Na wenye barua wengi hawaandiki wenyewe. Mama anakuja anaongea Kiswahili cha Fizi, au Kibembe, mimi natafuta maneno ya Kiingereza, kwa sababu ofisi nyingi za nje zinataka Kiingereza. Mimi mwenyewe nilianza shule kwa Kifaransa kule nyumbani, Kiingereza nimekipata ukubwani. Kwa hiyo spelingi ilikuwa rafiki yangu. Kwenye mipangilio tulikuwa tumeweka alama ile ya kusema kila barua ikaguliwe kabla ya kutumwa. Ukibonyeza kutuma, kinatokea kidirisha kinakuuliza: neno hili silijui, nikuwekee hili? Na pembeni vitufe: "Ignore" kama unataka iliache, "Change" kama unataka ibadilishe, "Add" kama unataka iliweke kwenye kamusi isikuulize tena.

Basi. Siku moja akaja mgeni mmoja, kijana mwenye roho nzuri, akatuwekea Office mpya, ile ya 2007, akaiondoa ya zamani ya 2003. Tukafurahi. Word ikawa na sura nzuri. Lakini kesho yake nikaandika barua, nikabonyeza kutuma, spelingi ikaanza kuniuliza maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tano anayajua. "Dear" haijui. "School" haijui. "Please" haijui. Wale wanaojua Outlook Express wanakumbuka kwamba haichori mstari mwekundu chini ya neno kama Word. Inakusimamisha kwenye neno moja moja. Barua fupi tu inakuuliza mara 50, mara 60.

Kila mtu akaleta dawa yake. Mmoja akasema ni virusi, tusitumie flashi za watu. Mwingine akasema tuzime tuwashe. Tukazima tukawasha, wapi. Mwisho akapita mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha shule ya msingi kule Kongo miaka mingi. Akainama, akasoma yale maneno ambayo kompyuta ilikuwa inayapendekeza, akaanza kucheka. Akasema: "Hamuoni? Inawasahihisha kwa Kifaransa!"

Na kweli. Niliingia kwenye "Tools", kisha "Options", kisha kichupo cha "Spelling". Pale chini kuna sehemu ya kuchagua lugha. Nikafungua orodha. Ilikuwa na lugha moja tu, Kifaransa. Kiingereza hakipo. Watu wakafanya utani chumba kizima, wakasema kompyuta imetoroka usiku imerudi Kongo.

Nilichukua siku kadhaa kuelewa sababu, na nawaambia ili msipoteze siku kama mimi. Outlook Express haina kamusi yake. Tangu zamani inaazima ya Office. Ikiwa kwenye kompyuta hakuna Office kabisa, wala programu nyingine ya kuazimisha kamusi, kile kitufe cha spelingi kinakuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Ikiwa kuna Office 2003 au ya nyuma yake, inaazima vizuri. Lakini Office 2007 ilikuja na vifaa vya spelingi vya aina mpya, na Outlook Express haiwezi kuvisoma. Katika vile vipya, ni vya Kifaransa tu ambavyo bado vinaelewana na mzee. Ndiyo maana Kiingereza kilipotea na Kifaransa kikabaki. Haikuwa virusi, wala hakuna mtu aliyebonyeza vibaya. Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenye nguo amebadilisha nguo, sisi tukabaki tunaaibika barabarani.

Dawa niliyotumia ni hii. Kwenye droo kulikuwa na sidii ya zamani ya Office 2003, ile ile iliyokuja na kompyuta. Nikaiweka, lakini sikuweka Office yote. Wakati inakuuliza unataka kuweka nini, unachagua mwenyewe, unazima vyote, Word, Excel, vyote, unabakisha sehemu ya vifaa vya pamoja vya Office, na ndani yake vifaa vya spelingi, "Proofing Tools". Ikimaliza unafunga Outlook Express, unaifungua tena, unarudi kwenye "Spelling", unachagua Kiingereza. Office 2007 inabaki kama ilivyo kwa ajili ya Word. Nilipoona "Dear" imepita bila kuulizwa, nilipiga kofi mezani.

Hapo ndipo nilidhani tatizo limeisha. Kumbe ndipo lilipoanza.

Sikilizeni kilichonitokea. Zile siku za Kifaransa mashine ilikuwa inasema uongo kila neno, nami nikawa siisikilizi kabisa. "Ignore", "Ignore", "Ignore", mpaka mwisho. Ilipopona ikaanza kusema kweli. Nikiandika "recieve" inanionyesha kwamba e inatangulia i. Nikiandika "adress" inaniongezea d. Kila inaponisahihisha, ina haki. Nami nikaanza kuiamini yote, kwa haraka ile ile niliyokuwa naipuuza. "Change", "Change", "Change". Nyakati zote mbili sikuwa nasoma.

Sasa huyo mama. Nitamwita Mama Sifa, siyo jina lake la kweli, lakini kosa lilikuwa la aina hiyo hiyo. Yeye na mdogo wake wa kiume walipotezana mwaka 1996, wakati wa vita, watu walipokuwa wanavuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi kuja Kigoma. Mwenye kujua habari za mwaka ule anajua. Mtumbwi mmoja unaondoka saa hii, mwingine unaondoka usiku, na watu hawaonani tena. Alikuwa ameshaandikisha maombi ya kumtafuta ndugu yake miaka ya nyuma, faili lake lipo. Akasikia kwamba huyo ndugu huenda yuko nchi nyingine. Akaja kwangu nimwandikie ofisi moja ya nje, awakumbushe faili lake na awape habari hiyo mpya.

Tuliandika saa nzima. Aliniambia kijiji, jina la baba, jina la mama, kovu la mdogo wake kwenye goti. Nikaandika vizuri, najivunia kusema. Saa kumi jioni mwenye jenereta akaanza kuita kwamba anazima. Nikabonyeza kutuma. Kidirisha kikatokea. "Recieved", nikabonyeza "Change". "Seperated", "Change". Jina la mdogo wake, hilo nililiona, nikabonyeza "Ignore". Kisha likaja jina la mama mwenyewe, Sifa. Kompyuta ikapendekeza "Sofa". Kidole changu kilikuwa kimeshaondoka. Nilibonyeza "Change All".

"Change All" maana yake badilisha pote lilipo. Jina lake lilikuwa mle ndani mara 4. Ingebaki hata moja, mtu wa kule angeshangaa, angeuliza. Haikubaki hata moja. Barua ikaondoka kwa jina la kiti cha sebuleni.

Jibu lilikuja baada ya wiki 5. Fupi, la heshima. Walisema wameangalia na hawana faili la mtu mwenye jina hilo katika kambi yetu, na wanaomba uhakika wa jina. Nikasema hawa watu wazembe. Nikafungua "Sent Items" ili niwaonyeshe kwamba niliandika sawa. Nikaona kwa macho yangu. Sofa, Sofa, Sofa, Sofa.

Nilienda kwake jioni ile ile, kwa sababu nilijua nikilala nalo nitatafuta uongo wa kusema. Nilimweleza. Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mutoto wangu, miye sijue kuandika. Weye njo unajua. Njo maana nilikuya kwako."

Nimeshasikia matusi mengi hapa kambini, ya foleni ya maji, ya foleni ya chakula. Hakuna lililoniingia kama yale maneno.

Niliporudi chumbani nikafungua kamusi ya ziada, ile ambayo maneno yanaingia ukibonyeza "Add". Nilitaka niliingize jina lake. Na nikakuta mle ndani kuna maneno machache. La kwanza lilikuwa jina langu. Nililiongeza siku ya kwanza kabisa nilipokaa kwenye hiyo mashine, kwa sababu iliniudhi kuniuliza kila nikiweka sahihi. Chini yake kulikuwa na jina la baba yangu. Majina ya watu niliokuwa nawaandikia, hakuna hata moja.

Sasa niseme ninachofikiri, ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza, kuna wenzangu walisema baada ya hapo: zima hiyo spelingi, ni balaa. Mimi nakataa. Tusijidanganye. Barua yetu ya Kiingereza ikifika na makosa kila mstari, kuna mtu huko ataisoma nusu, ataiweka chini. Siyo haki lakini ipo hivyo. Kijana anayeomba nafasi ya masomo anahitaji "receive" yake iwe sawa. Spelingi ni msaidizi mzuri wa lugha tusiyozaliwa nayo. Lakini ni msaidizi ambaye hajawahi kukutana na watu wetu. Ana orodha ya maneno ya Kiingereza, basi. Neno lisilokuwa kwenye orodha, kwake ni kosa, na atatafuta neno linalofanana nalo kwa herufi. Hajui kwamba Neema ni dada wa mtu. Jaribuni wenyewe kumwandika Neema kwenye kompyuta ya Kiingereza, muone inaweza kupendekeza "enema", yaani ile dawa ya hospitali ya kuingizwa kwa nyuma. Mnaweza kucheka. Mimi pia nilicheka. Lakini Neema hakucheka.

Pili, kuna wanaosema herufi moja ni kitu gani, watu watajua tu. Watu wanaosema hivyo hawajakaa kwenye foleni ya uhakiki na kadi ambayo jina lake halifanani na la kwenye kompyuta ya ofisi. Sisi majina yetu yameshahangaika kabla ya kompyuta. Kule Kongo mtu ameandikwa Moussa kwa Kifaransa, amevuka ameandikwa Musa. Byamungu anakuwa Biamungu. Anayeandika anasikia r, mwenye jina alisema l. Lakini karani anayeandika kwa kalamu yuko mbele yako. Ukiona anakosea unamwambia, "hapana kaka, ni l". Spelingi inabadilisha wakati mwenye jina amekaa upande wa pili wa meza na haoni kioo. Na hata akiona kioo, kama hasomi, ataonaje?

Kwa hiyo lawama nyingi siweki kwa mashine wala kwa waliotengeneza mashine. Kompyuta iliuliza. Kile kidirisha ni swali. Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba ya mtu mwingine bila kumuuliza. Mwenye kujua kuandika hapa kambini ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani, na sisi wa kujitolea tunaizoea hiyo nguvu mpaka hatuioni.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima kwa wenzetu wa mashirika. Mkituletea kompyuta tunashukuru. Lakini mnapobadilisha programu, tuulizeni kwanza inatumika kwa kazi gani, na msiondoke na sidii ya zamani. Tungekuwa hatuna ile sidii ya 2003 tungebaki na Kifaransa mpaka leo. Na mkipokea barua yenye jina msilolikuta, kabla hamjajibu "hakuna", angalieni majina yanayokaribiana. Mkiona mtu anaitwa Sofa, au Risky, au Armani, jueni labda ni Sifa, ni Riziki, ni Amani, na mashine imepita hapo. Wale walionijibu waliomba uhakika wa jina, na kwa hilo nawashukuru. Wangeandika "hakuna" tu, mimi labda nisingefungua "Sent Items".

Sasa hizi ndizo taratibu tulizojiwekea chumbani kwetu. Siyo siri, zichukueni.

Jina la mtu tunaliandika kwa herufi kubwa zote: SIFA. Kule nyumbani kwenye karatasi za serikali tumeshazoea jina la ukoo kuandikwa hivyo, siyo geni. Na kwenye kile kichupo cha "Spelling" kuna alama ya kusema maneno yaliyo kwa herufi kubwa yasikaguliwe. Tumeiweka. Mashine inaliruka jina, haliulizi. Lakini kumbukeni, ikiliruka haitakwambia pia kama wewe mwenyewe umelikosea. Hapo ni jicho lako na mdomo wa mwenye jina.

Alama nyingine pale pale ni ya kutokagua maneno ya barua unayojibu. Iwekeni. La sivyo inaingia kwenye maneno ya mtu mwingine aliyekuandikia, inaanza kuyasahihisha.

Majina tunayoyaandika mara kwa mara, ya watu, ya vijiji, ya milima ya kwetu, tumeyaingiza kwenye kamusi ya ziada. Huhitaji kusubiri uulizwe. Kuna kitufe cha kuhariri hiyo kamusi, kinafungua karatasi tupu kama ya Notepad, unaandika neno moja kila mstari, unahifadhi. Jumamosi moja tulikaa vijana 4 tukaingiza majina kwa zamu. Fizi, Baraka, Uvira, Mboko. Riziki, Mapendo, Furaha, Neema, Sifa. Ilikuwa kazi ya furaha, watu wakawa wanakuja mlangoni wanauliza, na langu limeingia?

"Change All" tumeipiga marufuku. Ukitaka kubadilisha, badilisha moja moja, usome.

Na kubwa kuliko zote: barua haiingii Outbox kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, na majina yakatajwa herufi kwa herufi. Hata kama jenereta inazimwa. Ikizimwa, barua ilale, itaondoka kesho. Mtu aliyengoja tangu 1996 hawezi kukasirika kwa siku moja. Atakasirika kwa wiki 5.

Wengine mtauliza, kwa nini tusiandike Kiswahili, tukatafuta spelingi ya Kiswahili? Swali zuri. Ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutengeneza OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, ikatoka mwaka 2004, na kamusi ya kukagua Kiswahili ilitengenezwa. Lakini jueni kazi yake ni ngumu. Kiingereza wanaorodhesha maneno, mambo yanaenda. Kwetu neno moja kama "piga" linazaa nimepiga, nimempigia, hatukuwapigia, wangenipigia, na kuendelea bila mwisho. Haviorodhesheki vyote, lazima mashine ifundishwe kanuni za kuunganisha. Na hata ikifundishwa, itakuwa ya Kiswahili sanifu. "Njo maana nilikuya kwako" italipiga mstari. Mimi sitaki mtu alibadilishe lile neno la mama likawa "ndiyo maana nilikuja". Nimelisikia hivyo, nalibakisha hivyo.

Najua pia huyu mzee Outlook Express siku zake zinahesabika. Microsoft waliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 2014. Tunajaribu sasa Thunderbird, ambayo ni ya bure, nayo inaweza kuandika bila mtandao barua zikangoja. Kamusi yake haiazimi kwa Office, unaipakua yenyewe, faili dogo. Kwa hiyo mambo ya Kifaransa hayatarudi. Lakini nawaambia, ile ya pili itarudi. Simu mpya zinazoingia kambini zinabadilisha neno zenyewe bila hata kuuliza. Unaandika jina la rafiki, ukiinua macho limeshakuwa kitu kingine. Angalau mzee alikuwa anauliza.

Barua ya Mama Sifa tuliiandika upya. Alikaa pembeni yangu, nikamtajia: S, I, F, A. Akarudia: S, I, F, A. Nikamwonyesha kwenye kioo. Aliniambia sasa anaijua I kwa sababu ina kichwa kidogo juu, nikamwambia hiyo ni ile ndogo, kubwa haina kichwa, tukacheka. Faili wamelipata. Wameandika kwamba habari mpya wameiingiza na wanaendelea kutafuta. Mdogo wake bado hajapatikana. Kila nikifungua kompyuta asubuhi anatuma mtoto kuja kuniuliza kama kuna kitu.

Tangu siku ile mama huyo anakuja mara mbili kwa wiki kujifunza kuandika. Hajaniambia sababu na mimi sijamuuliza. Ameshaweza kuandika jina lake lote. Wiki iliyopita alisimama nyuma yangu wakati naandikia mtu mwingine, kidirisha kikatokea, akaniwekea mkono begani akasema: "Soma kwanza."

Nawaombeni na ninyi, wandugu, msome kwanza.